Dozi Iliyorudi

Karakana ile ilishona sare za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuugua. Mwenye karakana, mama mpole asiyejua kugomba wala kukataa, alikuwa amepokea oda kuliko uwezo wa mashine zake. Mafundi walikaa bega kwa bega chini ya taa ndefu, na madirisha yalifungwa kwa sababu vumbi la barabarani lilichafua mashati meupe. Hewa ya mle ndani ilikuwa mvuke wa pasi, mafuta ya cherehani na pumzi za watu. Mmoja akikohoa, wote wameonja.

Mashine ya vifungo ilikuwa ya mwanamke waliyemwita Kifungo. Jina lilimfaa mara mbili, maana maneno yakishaingia kwake hayakutoka. Meza ya kukatia vitambaa ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na huyo walimwita Mkasi. Ukikaa naye kidogo tu unaelewa kwamba jina halikutoka kwenye kifaa. Alikuwa na neno kwa kila mtu, na neno lenyewe lilikuwa na makali pande zote mbili.

Sasa, mtu kama huyo kumpa siri ni kumkabidhi fisi bucha. Lakini mume wa Kifungo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kabla ya safari alimwita dada yake pembeni akamwambia mkewe ana mimba, amwangalie. Kifungo alipojua kuwa siri imetoka hakulia wala hakununa. Alimfuata wifi yake nyuma ya jengo, akamshika mkono, akamwambia akilitamka jambo hilo kwa kiumbe chochote basi asimwite wifi tena. Mkasi aliapa. Alishangaa mwenyewe jinsi alivyoapa upesi.

Hii ilikuwa mimba ya tatu. Ya kwanza Kifungo aliitangaza kwa furaha, kama mtu yeyote mwenye akili zake, na ilipoharibika ndipo tabu ilipoanza. Watu waliosikia habari ya kwanza hawakusikia ya pili. Miezi ikapita na bado walikuwa wakimsimamisha njiani kumwuliza mtoto anaendeleaje. Mwuza nyanya alimletea kijiguo kilichokunjwa vizuri, na ikabidi Kifungo ndiye ambembeleze mwuza nyanya. Ya pili ilitoka mapema, na waliojua walikuwa wachache, lakini hata hao wachache walikuwa wengi mno.

"Siogopi jicho la mtu, wifi," alimwambia Mkasi siku ile nyuma ya jengo. "Naogopa kuulizwa."

Kwa hiyo alivaa aproni pana, akaifunga juu ya kiuno, akaendelea kushona vifungo. Mimba ikafika mwezi wa nne. Mkasi alimlinda kwa namna yake, kwa kumgombeza mtu yeyote aliyemsogelea na mzigo, na alijisifu moyoni kwamba mpaka hapo hakuna aliyenusa kitu.

Mafua yalianza kwa fundi wa zipu. Akapiga chafya siku nzima, kesho yake hakuja, na aliporudi alikuwa amepungua kiasi kwamba sketi yake ilihitaji pini. Akafuata fundi wa kola. Halafu mlinzi wa mlangoni. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba ni mafua tu. Hilo neno "tu" ningekuwa na uwezo ningelifuta kwenye lugha. Mtu anatetemeka hadi meno yanagongana, mgongo hauinuki, homa inamkaanga, lakini anasema mafua tu, kwa sababu pua ya kila mtu imewahi kutoka kamasi na akapona.

Mwenye karakana alipoona viti vitupu vinaongezeka alikwenda kituo cha afya kuomba msaada. Wakamletea muuguzi juu ya pikipiki, mwanamke mwembamba mwenye haraka, na boksi dogo la baridi mapajani. Alisimama katikati ya karakana, penye sauti ya mashine zote, akaomba zizimwe. Kimya kilipoingia watu walijisikia kama wamevuliwa nguo.

Aliwaeleza upesi na vizuri. Alisema hii si homa ya kupuuza. Kwa mtu mzima mwenye nguvu humlaza siku kadhaa ikamwachia, lakini wapo ambao kwao hugeuka kuwa homa ya mapafu ndani ya muda mfupi. Akawataja wazee, wenye pumu, wenye kisukari na wenye moyo dhaifu. Kisha akasema wanaomtia hofu kuliko wote ni wajawazito, kwa kuwa mwili wa mjamzito hupunguza ukali wake ili umvumilie mtoto, na mapafu nayo hubanwa, hivyo ugonjwa ukiingia unakuta mlango wazi. Unaweza kumchukua mama, unaweza kumtoa mtoto kabla ya wakati. Akasema boksini ana chanjo yake, nayo haina kirusi kilicho hai, mama anaweza kuchomwa mwezi wowote, na kinga yake humfikia hata mtoto tumboni akazaliwa nayo.

"Kinga ni bora kuliko…" alianza, na karakana nzima ikamalizia kwa sauti ya darasani. Watu wakacheka. Muuguzi hakucheka.

Alisema amebakiwa na dozi tatu tu, hajui nyingine zitakuja lini, kwa hiyo atachagua. Akainua macho.

"Kuna mjamzito humu?"

Mkasi alikuwa na mkasi mkubwa mkononi na kitambaa cha bluu mbele yake. Hakuinua kichwa. Alitazama kwa pembe ya jicho na kumwona Kifungo anatunga uzi kwenye sindano ya mashine, taratibu, kana kwamba swali limeulizwa jengo la jirani. Uzi ulikosa tundu. Akaulowesha kwa ulimi, akajaribu tena, ukakosa tena. Sema, mwanamke, Mkasi alisema kimoyomoyo. Inua mkono tu, hakuna haja ya kuhutubia. Kisha akatazama nyuso za wengine, na zote zilikuwa zimeangalia kazi zao. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyetania, na hao walikuwa watu wa kutania mpaka msibani.

"Hakuna?" muuguzi aliuliza tena.

Mwenye karakana alikohoa kidogo, akasema basi waanze na wengine. Fundi mwenye kisukari akachomwa. Mama wa kukunja nguo, mwenye moyo unaomsumbua, akachomwa. Ikabaki moja. Muuguzi akamwendea Mzee Pasi, ambaye alipiga pasi kwenye kona jirani kabisa na mashine ya vifungo, na ambaye kifua chake kilipiga filimbi miaka yote kwa pumu.

Mzee Pasi akarudi nyuma. Alisema yeye na sindano hawajawahi kuelewana tangu utotoni. Hayo aliyasema mtu ambaye mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya chuma cha moto na hakuwahi kusikika akisema hata "aa". Muuguzi akambembeleza, akamwogopesha, akamkumbusha kifua chake. Mzee akashika pasi yake kama ngao. Basi muuguzi akawageukia wengine, na hapo ikawa aibu tupu. Mmoja akadai ana jipu. Mwingine akasema hawezi bila ruhusa ya mumewe, na mume mwenyewe karakana nzima ilijua alifukuzwa mwaka uliopita pamoja na godoro lake. Fundi wa zipu alisema yeye ameshaugua, imetosha.

Muuguzi alifunga boksi kwa hasira iliyoonekana. Aliwaambia anapozunguka huku na huku watu wanampigia magoti kuomba hicho kitu, na wao wanakirudisha. Akatoka. Mkasi alikaa, akasimama, akakusanya vipande vya kitambaa kana kwamba anakwenda kuvitupa, akatoka mbio mpaka getini. Pikipiki ilikuwa imeshakata kona. Alibaki na vitambaa kifuani, akatukana kwa sauti ndogo muuguzi, wifi yake na Mzee Pasi, kwa mpangilio huo.

Jioni walipotoka pamoja alimwambia Kifungo kwamba mficha uchi hazai, na safari hii methali ilikuwa inasema kile kile inachosema. Aende kituoni peke yake, aingie chumba chenye mlango, achomwe, atoke. Kifungo hakubisha. Alisema ataenda oda ikiisha, zimebaki siku chache, mwenye karakana amemtegemea. Mkasi aliona kuwa hayo ni maneno ya mtu anayeogopa foleni ya wajawazito, mahali ambapo kila mtu anakuuliza una miezi mingapi.

Kabla oda haijaisha, Mzee Pasi akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi chake cha kawaida cha filimbi. Kilitoka chini, kikamkunja juu ya meza ya pasi, na kila alipokohoa Mkasi alitazama mashine ya vifungo, hatua mbili kutoka pale. Alimwambia mzee mbele ya watu arudi nyumbani na uoga wake. Mzee akamtazama, akavaa koti akaenda. Siku iliyofuata habari ikaja kwamba amelazwa.

Na siku iliyofuata hiyo, Kifungo alishona vifungo vya shati zima upande wa kushoto badala ya kulia. Mkasi aliliona shati, akainuka. Alimgusa wifi yake shingoni akaondoa mkono haraka.

"Mafua tu," Kifungo alisema.

Alikuwa anapumua juujuu, kwa mdomo, na maneno yake yalikatika katikati. Mkasi alikwenda kwa mwenye karakana akamwambia anataka gari, na mama yule, ambaye hakuwahi kuacha karakana saa za kazi, akachukua funguo bila kuuliza swali.

Hospitalini mapokezi yalijaa wakohozi. Walikaa kwenye benchi refu pamoja na watu waliojifunika mashuka, na kila mara mlango ulipofunguliwa benchi zima lilisogea nafasi moja. Kifungo alimlalia Mkasi begani, na joto lake lilipenya nguo zote mbili. Mwenye karakana alikaa upande wa pili akiwa ameshika mkoba wa mgonjwa kwa mikono yote miwili. Mkasi alitamani mama yule aondoke hata kwenda kununua maji. Hakuondoka.

Daktari alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimsikiliza kifua, akamuuliza ana umri gani, ameanza lini, ana pumu, ana kisukari. Kifungo alijibu kwa kichwa. Kisha daktari, huku akiandika, akauliza kama ana mimba.

Kifungo alimtazama mwenye karakana. Akatikisa kichwa kwamba hana.

Daktari akasema vizuri, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kwenda kusubiri picha ya kifua. Kule nje ya chumba cha picha kulikuwa na foleni nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Mkasi aliiona kupitia mlangoni. Aliona pia kucha za wifi yake, zilizokuwa zimeanza kugeuka rangi. Mara zote ulimi wake ulikuwa unamtangulia, na sasa, siku ya kuhitajika, ulikuwa umelala kinywani kama kiatu.

"Anakudanganya, daktari," akasema. "Ana mimba ya miezi minne. Na mbili zimeshaharibika."

Kalamu ya daktari ilisimama. Kilichofuata kilikwenda kasi hata Mkasi hakuweza baadaye kukipanga. Kitanda chenye magurudumu kililetwa. Mpira wa oksijeni ukawekwa puani. Daktari aliagiza dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, akasema haisubiri picha wala vipimo, kwa mjamzito kila saa ina thamani yake, na picha nayo itapigwa tumbo likiwa limekingwa. Akauliza kwa ukali mbona hawakusema mlangoni. Mwenye karakana, aliyekuwa amesimama ukutani, alisema kwa upole tu, "Haya. Sasa amejua." Mkasi alimtazama, akaona ajabu kwamba mama yule hakushtuka, lakini haikuwa saa ya kuuliza.

Walipomfikisha wodini Mkasi alimwinamia mgonjwa kumfunika. Kifungo aligeuza uso ukutani.

"Usiniite wifi," akasema, mpira wa oksijeni puani.

Hilo lilimchoma Mkasi kuliko alivyotarajia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pa kitanda, akakaa siku ile na iliyofuata, akitoka tu kumpigia kaka yake simu, ambaye alikuwa njiani anarudi na lori tupu. Homa ilipanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Daktari alisema mapafu yote mawili yameguswa. Alisema pia, alipoulizwa, kwamba hawezi kuahidi kitu kuhusu mtoto, na Mkasi alimchukia kwa ukweli wake.

Asubuhi ya pili Kifungo alishika tumbo chini ya kitovu. Alikuwa anayajua maumivu hayo. Mkasi alikimbia koridoni, akarudi na mkunga, mama mwenye mikono mikubwa, aliyebeba kifaa kidogo cha kusikilizia. Mkunga akapaka mafuta ya baridi tumboni akaweka kifaa. Kikatoa mkwaruzo. Akakisogeza kushoto, mkwaruzo. Akakisogeza chini, akabonyeza, akakiinua, akapaka tena. Uso wa mkunga haukuonyesha chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kifungo alikuwa ameufumbata mkono wa Mkasi ndani ya wake, ule mkono ambao tangu jana alikataa hata kuugusa. Mkasi aliomba. Hakuwa mtu wa kuomba sana, na hakujua aombe vipi, basi alirudia neno moja: jamani, jamani, jamani.

Halafu ikasikika. Haraka haraka, ndogo, yenye hasira, kama mtu anayegonga mlango aliofungiwa.

"Huyu hapa," mkunga alisema. "Alijificha. Anafanana na mama yake."

Mkasi alilia waziwazi, kwa sauti, hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwomba apunguze. Siku hiyo maumivu yalitulia, na jioni homa ikashuka ikakaa chini. Daktari alisema bado watamwangalia kwa karibu, lakini safari hii alisema huku ameketi.

Ilipofika asubuhi nyingine, kaka yake alikuwa amewasili na kukaa na mkewe, na Mkasi akabaki na hasira isiyo na kazi. Akakumbuka wodi ya wanaume iko upande wa pili wa uwanja. Alivuka. Alikuwa ameshapanga maneno yote. Atamwambia Mzee Pasi kwamba uoga wake wa sindano umewalaza watu wawili, na nusura watatu, na kwamba mtu mzima mwenye pumu anayekataa chanjo ni mzigo kwa jamii.

Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mashavu yamebonyea, mpira wa oksijeni puani. Alipomwona akajaribu kujiinua kwa heshima, akashindwa. Kabla Mkasi hajafungua kinywa, yeye akauliza.

"Mtoto vipi?"

"Mtoto gani?" Mkasi alijibu, kwa mazoea.

"Acha hizo, mama. Mtoto wa Kifungo."

Mkasi alikaa kitandani pasipo kukaribishwa. Akauliza nani amemwambia. Mzee akasema hakuna aliyemwambia. Alisema mtu anayekaa kona moja na mwanamke mwenye kichefuchefu kwa miezi hahitaji tangazo. Akavuta pumzi, akapumzika, akaendelea. Alisema ile dozi ya tatu ilikuwa ya mtoto. Aliona akichomwa yeye itakwisha.

"Nani mwingine alijua?" Mkasi aliuliza.

"Uliza nani hakujua."

Akamweleza kwa vipande, kati ya pumzi na pumzi. Mwenye karakana ndiye aliyehamisha kopo la mafuta ya mashine mbali na Kifungo. Fundi wa zipu alikuwa akimbebea mafurushi akisingizia kunyoosha mgongo. Jipu lile lilikuwa la uongo, ruhusa ya mume ilikuwa ya uongo. Hawakukubaliana, kila mmoja aliona kwa macho yake na kunyamaza kwa kinywa chake, maana walikumbuka ile ya kwanza na walimwona alivyoteseka kwa maswali. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumvua nguo mbele ya mgeni.

"Tukajua wewe utamfuata muuguzi nje," mzee alisema. "Tukakuachia njia."

Mkasi alimpangusa mzee paji la uso kwa kona ya khanga yake, akamwambia mtoto anagonga vizuri, akamwambia naye apone upesi kwani hakuna mwingine anayejua kunyoosha kola. Mzee akacheka, kikohozi kikamkamata, na Mkasi akamshika mgongo mpaka kikapita.

Aliporudi, kaka yake alikuwa ametoka kutafuta chai. Kifungo alikuwa amekaa, mdhaifu, nywele zimesimama, mkono mmoja juu ya tumbo. Kwa mara ya kwanza tangu alipolazwa alimtazama wifi yake usoni.

"Umewaambia na wa karakana?" akauliza.

"Sikuwaambia. Walijua siku zote. Hata Mzee Pasi, yule hakuogopa sindano. Alikubakishia dozi."

Macho ya Kifungo yalikwenda dirishani, yakarudi, na Mkasi aliona anapita meza moja moja kichwani mwake, mtu kwa mtu, akiwaona wote wameinamia kazi siku ile muuguzi aliposimama akauliza.

"Wote?" akasema. "Mbona wakanyamaza?"

"Walikuwa wanakusitiri, wifi," Mkasi alisema. "Na mimi pia. Tulikusitiri wote, nusura tukusitiri kwa udongo."